Mabwawa ya majitaka: siku ishirini zinazolinda mto

Bwawa la majitaka linayapa maji kitu kimoja tu, nacho ni muda. Halina mota wala kemikali. Maji yanaingia upande mmoja, yanakaa siku kadhaa, yanatokea upande wa pili, na katika siku hizo jua, mwani na bakteria hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa kwa umeme mwingi. Ndiyo maana bwawa linaweza kuonekana limejaa na limetulia, ilhali maji yanayotoka ni mabaya: siku zimepungua bila mtu kujua. Karibu kila hitilafu tunayokutana nayo kazini, ukiifuatilia hadi chanzo chake, utakuta kuna kitu kimeyapunguzia maji muda wa kukaa.

Mfano mkubwa katika ukanda wetu uko Ruai, mashariki mwa Nairobi. Mabwawa yale, yanayojulikana kwa jina la Dandora, yalibuniwa yapokee mita za ujazo 160,000 kwa siku, na ni makubwa kiasi kwamba viboko wamefanya makazi humo. Yanamwaga kwenye Mto Nairobi. Mto huo unaingia Athi, Athi unapita Machakos na Makueni, ukishaungana na Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia pwani ni Sabaki, na unaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Kabla ya kufika baharini, pale Baricho, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto vinapeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Ni kweli kwamba mto hujisafisha njiani na mchanga huchuja. Lakini mkulima na mfugaji wa Machakos wako karibu zaidi, nao hawana mchanga wa kuwachujia.

Hesabu ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri, kwa hiyo tuchukue mji wa watu 50,000 waliounganishwa na mtandao wa majitaka, sehemu ambayo maji yana joto la nyuzi 25. Kila mtu akitoa lita 80 kwa siku, mji unatoa mita za ujazo 4,000. Uchafu wa mtu mmoja unahitaji takriban gramu 45 za oksijeni kwa siku ili bakteria waumalize. Maabara hukiita kipimo hicho BOD. Watu 50,000 ni kilo 2,250 kwa siku, yaani miligramu 560 hivi katika kila lita. Hayo ni majitaka makali, kwa sababu watu wetu wanatumia maji kidogo.

Bwawa la kwanza ni la kuozesha. Lina kina cha mita 3 hadi 5, halina oksijeni kabisa, na linatakiwa liwe hivyo. Kwa joto hilo linaweza kubebeshwa hadi gramu 350 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Mji wetu ukijenga mabwawa mawili ya mita za ujazo 4,000 kila moja, maji yatakaa siku mbili na zaidi ya nusu ya uchafu itaondoka. Zikibaki kilo 900, zinaingia bwawa la pili, lile la kijani, lenye kina cha mita moja na nusu. Hapo mwani hutengeneza oksijeni mchana na bakteria huitumia. Hekta moja inaweza kubeba kilo 350 kwa siku, kwa hiyo tunahitaji hekta 2.6, na maji yatakaa karibu siku kumi. Kisha kuna mabwawa mawili ya kumalizia, yenye kina cha mita 1.2, siku nne kila moja. Kazi yao kubwa ni kuua vimelea. Jumla ni siku ishirini.

Sasa tuanze kuzihesabu zinavyopotea.

Mwizi wa kwanza ni tope. Mtu mmoja huacha takriban mita za ujazo 0.04 za tope kwa mwaka chini ya bwawa la kuozesha. Ukizidisha kwa watu 50,000, ni mita za ujazo 2,000 kila mwaka. Kanuni inasema bwawa litolewe tope likifika theluthi moja ya ujazo, na theluthi ya mita 8,000 haifiki 2,700. Maana yake, mji huu unatakiwa kutoa tope kila baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Wengi wakisikia hivyo hawaamini, kwa sababu wamezoea kuona mabwawa yasiyoguswa miaka nenda rudi. Hayajaguswa kweli, lakini hayafanyi kazi tena. Tope likishajaza nusu ya bwawa, siku mbili zimekuwa moja, na tope jepesi linaanza kusafiri kwenda bwawa la kijani, ambako kulitoa ni kazi mara nyingi zaidi kwa sababu eneo ni hekta nzima, siyo shimo dogo.

Kulipima hakuhitaji kifaa cha gharama. Chukua fito ndefu kuliko kina cha bwawa, ifunge taulo jeupe la pamba kuanzia chini kwenda juu, uifunge vizuri lisiteleze. Mkiwa wawili kwenye mtumbwi, mmevaa jaketi za kuokolea, teremsheni fito taratibu ikiwa wima mpaka iguse sakafu. Hesabuni sekunde kumi. Ipandisheni taratibu vilevile. Sehemu iliyokuwa ndani ya tope itakuwa nyeusi na chembechembe zimenasa kwenye nyuzi za taulo. Sehemu iliyokuwa ndani ya maji itakuwa imelowa tu. Mpaka kati yake huonekana wazi. Pimeni urefu wa sehemu nyeusi, andikeni, mkarudie sehemu nyingine, siyo chini ya kumi na mbili kwa bwawa, zikiwemo pembe zote nne. Tope halikai sawa. Karibu na mdomo wa kuingilia huwa kuna kilima, na anayepima katikati tu atadhani bwawa liko salama. Fanyeni hivyo kila mwaka, mwezi uleule.

Kutoa tope kuna msimu wake. Kazi ianze mara mvua za masika zikiisha ili kiangazi kizima kisaidie. Bwawa moja linafungwa, maji ya juu yanapampiwa bwawa la jirani, tope linaachwa likauke humohumo mpaka liweze kuchotwa kwa mashine, au linavutwa likiwa uji na kutandazwa kwenye vitanda vya mchanga kwa unene wa sentimita 20 hadi 30. Ukilitandaza nene kuliko hapo, juu patafanya gamba na chini patabaki rojo. Tope kavu likae walau mwaka mmoja kabla ya kupelekwa shambani, kwa sababu mayai ya minyoo ya tumbo ni magumu kuliko vimelea vingine vingi vilivyomo humo. Wakati kazi ikiendelea, bwawa lililobaki linabeba mzigo wote, gramu 560 kwa mita ya ujazo ilhali kikomo ni 350, na majirani watapata harufu. Wajulisheni mapema. Mji unaojenga leo ujenge mabwawa matatu ya kuozesha badala ya mawili, tatizo hili lote linapungua.

Tope linakuja pia kwa barabara. Magari ya kunyonya vyoo ni muhimu mno, kwa sababu katika miji yetu mingi watu wengi zaidi wanatumia mashimo kuliko mabomba. Gari lisiloruhusiwa kumwaga kwenye mabwawa litamwaga mtoni usiku. Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, yamepokea magari hayo kwa miaka mingi, na pembeni yake unapita Mto Msimbazi, ambao bonde lake limejaa bustani za mchicha. Ila gari moja la mita za ujazo 10, likiwa na BOD ya miligramu 5,000 kwa lita, lina kilo 50. Hizo ni sawa na watu 1,100 wa mtandao wa mabomba. Magari ishirini kwa siku ni kilo 1,000, karibu nusu ya mzigo wa mji mzima, na tope lake ni zito kuliko la kwenye bomba. Dawa yake ni kuyajengea sehemu yake: chujio la nondo, matangi mawili ya kutuamisha yanayopokezana, na maji ya juu pekee ndiyo yaingie bwawani. Tope kinyesi likimwagwa moja kwa moja kwenye bwawa la kijani, kama inavyofanyika sehemu nyingi kwa sababu tu barabara inaishia hapo, bwawa hilo litakufa.

Mlangoni pa mitambo kuna kazi mbili ambazo hakuna anayezipenda, na zote zinaokoa bwawa. Ya kwanza ni chujio la nondo, lenye nafasi ya milimita 25 hivi kati ya nondo na nondo. Hunasa pampasi, taulo za kike, viroba, magunzi, nywele za kusukia, matambara. Lisafishwe kwa reki asubuhi na jioni, na siku ya mvua mara nyingi zaidi. Likiziba, maji yanajaa nyuma yake, kisha yanapita juu na takataka zote zinaingia bwawani. Uchafu uliotolewa uzikwe siku hiyohiyo na kufunikwa udongo.

Ya pili ni mfereji wa mchanga. Maji humo yanatakiwa yaende sentimita 30 kwa sekunde: yakienda haraka zaidi, mchanga unapita kwenda bwawani, yakienda polepole, kinyesi nacho kinatuama na mfereji unanuka. Mwendo huo tunaupima kwa chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi. Pima mita 6 kando ya mfereji, weka alama mbili, tumbukiza chungwa kabla ya alama ya kwanza, hesabu sekunde. Likichukua sekunde 17, juu ya maji mwendo ni sentimita 35. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, unapata 30. Mifereji iwe miwili ili mmoja ukifungwa na kuzolewa kwa koleo mwingine ufanye kazi. Mifereji yetu hujaa mchanga kuliko inavyosema michoro ya wabunifu, maana barabara ni za vumbi na watu wanasugua masufuria kwa mchanga.

Mwizi mwingine ni mvua, na huyu huiba kwa saa chache. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30, ni lita 3,000 za maji. Mwenye nyumba aliyeelekeza mfereji wa paa lake kwenye chemba ya choo ametuletea majitaka ya watu 37 kwa mchana mmoja. Nyumba elfu moja zikifanya hivyo, mtiririko wa mji wetu unapanda kutoka 4,000 hadi 7,000 siku hiyo. Siku mbili za bwawa la kuozesha zinakuwa moja na kidogo, tope linavurugwa, mwani wa bwawa la kijani unasombwa, na inachukua wiki kadhaa mpaka rangi irudi. Ukitaka kujua nyumba zipi, puliza moshi kwenye chemba wakati wa kiangazi: utatokea kwenye mifereji ya paa.

Lakini madhara makubwa zaidi kwa mito yetu hayatoki kwenye mabwawa. Yanatoka kwa majitaka ambayo hayakufika. Mabomba makuu hulazwa kando ya mito kwa sababu maji yanafuata mteremko, na Nairobi ni hivyo kabisa: bomba linaambatana na mto bonde zima. Chemba ikifurika, inafurikia mtoni. Mifuniko ya chuma inaibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, kisha mawe na taka vinaingia kwenye tundu lililoachwa wazi. Mifuniko ya zege au ya plastiki ngumu haina soko kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na ndiyo inayofaa. Kuna pia chemba zinazozibwa makusudi kwa magunia ya udongo ili majitaka yapande na kumwagilia mashamba. Kuwakimbiza wakulima hao hakujawahi kusaidia. Wanarudi usiku, maana mimea yao inahitaji maji na mbolea vyote vimo. Kinachosaidia ni kuwapelekea kwa mfereji maji yaliyokwisha kutibiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100 na yai moja la mnyoo kwa lita, kwa mazao yanayoliwa mabichi. Mabwawa yenye siku zake kamili yanafikia hapo. Majitaka ghafi yana bakteria hao milioni kumi na zaidi.

Na kwa kuwa tumetaja chemba: asiingie mtu peke yake, na asiingie mtu kwa haraka. Gesi inayonuka yai bovu, salfaidi ya haidrojeni, ikipita sehemu 100 katika milioni inaua uwezo wa pua kuisikia. Fundi anadhani hewa imesafika kumbe imezidi. Fungua chemba hiyo na zile za pande zote mbili, acha hewa ipite, teremsha kipima gesi kwa kamba kabla ya mtu, mvalishe mkanda wenye kamba iliyoshikwa na watu juu. Akianguka, avutwe kwa kamba. Anayeruka ndani kumwokoa mwenzake mara nyingi ndiye maiti ya pili, na familia nyingi zimefiwa na ndugu wawili kwa mkupuo.

Bwawa la kijani lisomwe kwa rangi. Kijani kibichi ni afya. Kijivu ni dalili kwamba mwani unakufa. Waridi au zambarau ni bakteria wa salfa, wanaotokea mzigo ukizidi na oksijeni ikiisha. Ukiona waridi, punguza mzigo siku hiyo: elekeza sehemu ya maji bwawa la sambamba kama lipo, zuia magari, kagua kama kuna kiwanda kilichomwaga kitu. Machinjio na gereji ndizo za kuangaliwa kwanza. Damu ina BOD ya ajabu, na utando mwembamba wa oili unazima mwanga kwenye hekta nzima, kwa hiyo mtego wa mafuta unatakiwa uwe kwa mwenye gereji, siyo kwetu.

Oksijeni ipimwe alfajiri. Saa nane mchana, bwawa hata lililozidiwa kiasi linaweza kuonyesha miligramu 15 au 20 kwa lita kwa sababu mwani uko kazini. Usiku mwani nao unapumua, na saa kumi na mbili asubuhi kipimo kinaweza kuwa sifuri. Ripoti nyingi nzuri ni za mchana. Mchana huohuo mwani hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali katika maji, kupita 9, na hali hiyo pamoja na jua ndiyo inayoua bakteria wa kinyesi. Kwa hiyo mabwawa ya kumalizia yasiwe na kina kirefu na yasifunikwe na magugu. Gugumaji likizagaa juu linapendeza kwa maua yake, lakini limezima mashine nzima. Litolewe lote, na kingo ziwe za mawe au zege kwenye usawa wa maji ili majani yasiote. Mbu wanazaliana kwenye majani ya ukingoni, siyo katikati penye mawimbi.

Kuna wizi mmoja usioonekana kwa macho: maji kukata njia. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea ukiwa upande mmoja, au upepo ukivuma kuelekea kutokea, maji yanaweza kuvuka bwawa la siku kumi kwa siku mbili, na pembe zikabaki zimelala. Milango iwe pembe zinazotazamana, urefu wa bwawa uwe mara mbili au tatu ya upana. Kina cha kutolea maji nacho kina maana: sentimita 30 chini ya uso kwenye bwawa la kuozesha ili kukwepa gamba, 60 kwenye la kijani ili kukwepa mwani, na 5 tu kwenye ya kumalizia. Kubadilisha kipande cha bomba cha kutolea ni kazi ya siku moja.

Lipo jambo ambalo mabwawa hayaliwezi vizuri, nalo ni fosforasi. Sehemu kubwa inapita. Mtoni madhara yake huwa madogo zaidi, lakini ziwani inalisha magugu maji na mwani. Kisumu na Mwanza zinamwaga Ziwa Victoria na zinakunywa Ziwa Victoria. Kampala vilevile: maji ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi yanafuata mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison, na mtambo wa maji ya kunywa wa Ggaba unavuta kutoka ghuba hiyohiyo. Kwa miji kama hiyo, mafunjo ya kwenye kinamasi kati ya bomba na ziwa ni sehemu ya mtambo, na kila hekta inayofukiwa kwa viwanja inaongeza gharama ya kusafisha maji ya kunywa.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kiwango cha BOD kwa maji yanayomwagwa kuwa miligramu 30 kwa lita, na Tanzania iliweka hichohicho. Sampuli ya bakteria ifike maabara ikiwa kwenye barafu ndani ya saa sita. Na isichukuliwe kwenye bomba la kutokea pekee: chukua mita 100 juu ya bomba, yaani upande mto unakotoka, kwenye bomba lenyewe, mita 100 chini, na kilomita moja chini. Mara nyingi ile ya juu ya bomba ndiyo mbaya kuliko zote. Ikitokea hivyo, gari la matengenezo lisielekee kwenye mabwawa; lipande bonde, likague chemba moja baada ya nyingine mpaka lipate inayofurika.